Baiskeli ya mtoto ya inchi 12 yenye vitairi vya pembeni: inunue, lakini usimpandishe mtoto kama ilivyotoka dukani

Ile baiskeli ndogo ya chuma inayoning'inizwa mbele ya maduka ya Kariakoo, yenye kikapu cha plastiki, kengele, madigadi ya rangi na vitairi viwili vya pembeni huku nyuma, ndiyo baiskeli ya kwanza ya watoto wengi wa Tanzania na Kenya. Jina lililobandikwa kwenye fremu hubadilika kila mzigo ukiingia. Vyuma vyenyewe ni vilevile. Kwa hiyo hapa hatupimi jina, tunapima aina: tairi la inchi 12, fremu ya chuma, pedeli na mnyororo, vitairi vya pembeni, kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hivi.

Hukumu yetu ni hii. Fremu na magurudumu yake yanatosha kabisa kumfundishia mtoto. Kinachoharibu kazi ni vitairi vya pembeni, breki ngumu na kiti kirefu, na vyote vitatu vinarekebishika kwa spana mbili na nusu saa ya fundi makini. Anayeinunua na kumpandisha mtoto siku hiyohiyo bila kugusa kitu, amemnunulia kifaa kinachomzoesha kosa ambalo baadaye itabidi lifutwe.

Uzito na kimo

Baiskeli za aina hii huwa na kilo 7 hadi 9. Ni namba ndogo mpaka uiweke kando ya mpandaji. Mtoto wa miaka mitatu na nusu ana kilo 14 au 15. Baiskeli ya kilo 8 ni zaidi ya nusu ya mwili wake; ni kama mtu mzima wa kilo 70 apewe baiskeli ya kilo 40 aambiwe aizuie isianguke. Ndiyo maana ikianza kulala upande mmoja mtoto hairudishi, inamlaza nayo.

Basi anza kwa kuipunguzia mzigo. Toa kikapu, keria ya nyuma, kiti cha mwanasesere kama kipo, vitairi vya pembeni pamoja na vyuma vyake. Kifuniko cha mnyororo kiache. Kinaonekana kama pambo, lakini ndicho kinachozuia kamba ya kiatu, ncha ya suruali au pindo la gauni visiingie kwenye meno ya mnyororo. Kama kimelegea na kinagonga, kazeni skrubu zake mbili au tatu, msikivue.

Muuzaji atakuuliza umri wa mtoto. Umri hausaidii sana. Kipimo ni mguu wa ndani. Msimamishe mtoto bila viatu, mgongo ukutani, miguu imeachana kidogo. Pitisha kitabu chenye gamba gumu katikati ya mapaja, kipande juu mpaka kiguse, kisha pima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Namba hiyo iandike kwenye simu kabla ya kwenda dukani. Kiti cha baiskeli, kikishushwa mpaka mwisho, kiwe chini ya namba hiyo kwa sentimita moja au mbili, ili nyayo zote mbili zikanyage chini zote, na magoti yakunjike kidogo.

Hapo ndipo baiskeli nyingi za aina hii zinapokwama. Kiti ni kinene, kina springi chini yake, na bomba lake ni refu, kwa hiyo hata kikishushwa kabisa bado kinabaki juu ya mtoto wa miaka mitatu. Dawa zipo mbili. Kwanza, fundi akate bomba la kiti kwa msumeno wa chuma, apige tupa kwenye ncha, lizame zaidi ndani ya fremu. Libaki na sentimita zisizopungua 6 au 7 ndani, na alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba ikiwa imekatwa, mchoree nyingine. Pili, badilisha kiti chenye springi kwa kiti chembamba. Hicho peke yake hushusha sentimita tatu hadi tano. Kama baada ya hayo bado mtoto anakanyaga kwa vidole tu, baiskeli si yake bado. Usimkubali muuzaji anayesema ataikulia. Sare ya shule hununuliwa kubwa mtoto akaikulia, na hakuna anayeumia. Baiskeli kubwa mtoto hawezi kuisimamisha kwa miguu, na miguu ndiyo breki yake ya kwanza.

Kwa makadirio, mtoto wa urefu wa sentimita 85 hadi 100 anaingia kwenye inchi 12; wa 95 hadi 110 kwenye inchi 14; wa 105 hadi 120 kwenye inchi 16. Panapogongana saizi mbili, kwa mwanafunzi chukua ndogo.

Vitairi vya pembeni

Hapa tunakaa kidogo, kwa kuwa wazazi wengi huviona kuwa ndiyo usalama wenyewe.

Baiskeli haisimami kwa sababu mpandaji ametulia katikati. Inasimama kwa sababu kila inapotaka kuanguka kushoto, mpandaji anaelekeza gurudumu la mbele kushoto kidogo, na baiskeli inarudi chini yake. Mtu mzima hufanya hivyo mara nyingi kila dakika bila kujua. Na kwenye kona, mwili na baiskeli vyote vinalala kuelekea ndani ya kona. Kujifunza baiskeli ni kujifunza mambo hayo mawili. Kupiga pedeli ni jambo la mchana mmoja.

Vitairi vya pembeni vinaizuia baiskeli kulala. Mtoto anageuza usukani kama wa baiskeli ya magurudumu matatu, na kwenye kona anaegemea kitairi cha nje, yaani kinyume kabisa na inavyotakiwa. Akitembea navyo mwaka mzima, amejua pedeli na labda breki, lakini usawa hajauanza, na mwili wake umezoea kuegemea upande usio sahihi. Siku vinapotolewa anafanya alichozoea, anaanguka, na watu wazima wanasema mtoto ni mwoga.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Vitairi vyote viwili vikigusa chini na baiskeli ikapita juu ya kibonde, au kwenye uwanja usio sawa, gurudumu la nyuma linaning'inia hewani. Hapo mtoto akipiga pedeli linazunguka bure, na akifunga breki ya nyuma hakuna kinachosimama. Kwenye mteremko mdogo hilo linatosha kumpeleka ukutani. Ongeza kwamba vyuma vinavyoshika vitairi hivyo ni laini na hupinda mtoto mzito kidogo akiegemea upande mmoja, na kwamba plastiki yake hulika upesi kwenye lami.

Ukivitoa, usisahau kwamba vimefungwa na nati zilezile za ekseli ya nyuma. Ukilegeza nati, gurudumu lote limelegea. Vuta gurudumu nyuma mpaka mnyororo ucheze kama sentimita moja juu na chini ukiubonyeza katikati. Hakikisha tairi liko katikati ya fremu pande zote mbili. Weka washa (kile kipete bapa cha chuma) mahali palipokuwa na chuma cha kitairi ili nati isimalize nyuzi kabla haijabana. Kisha kaza kushoto na kulia kwa zamu. Mnyororo uliolegea zaidi ya hapo utachomoka, na ikiwa breki ya nyuma ni ile ya kurudisha pedeli, mnyororo ukichomoka breki imekwenda nao.

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa viungo au tatizo la usawa, vitairi vya pembeni ni kifaa cha haki na vibaki, lakini viwe vya chuma imara, na vifungwe juu ya ardhi kwa sentimita moja hivi, kila upande sawa, ili gurudumu la nyuma libaki limekanyaga.

Uma wa mbele, gripu na nati

Baiskeli hizi hufika zikiwa nusu zimefungwa ndani ya katoni, na huungwa dukani kwa haraka. Kosa linalojirudia ni uma wa mbele, ule mafundi wanaouita foku, kufungwa ukitazama nyuma. Itazame baiskeli kwa ubavu: mkunjo wa uma lazima uelekee mbele, na breki ya mbele ikae mbele ya uma, si nyuma yake karibu na fremu. Ikiwa kinyume, baiskeli inayumba, na mguu wa mtoto unagonga gurudumu la mbele kwenye kona. Legeza shingo ya usukani, zungusha uma nusu mzunguko, kaza upya. Watu hutumia baiskeli hivyo miezi bila kujua kwa nini mtoto haimudu.

Baada ya hapo bana gurudumu la mbele katikati ya magoti yako na jaribu kuuzungusha usukani kwa nguvu. Usiteleze hata kidogo. Inua mbele, zungusha gurudumu, lisikwaruze. Lisukume kushoto na kulia, lisicheze. Likicheza, gololi zimelegea; likigoma, zimebanwa mno au hazina grisi. Baiskeli mpya nyingi zina grisi kidogo sana, na fundi akizifungua akapaka mara moja mwanzoni, zitadumu hata kwa mtoto wa pili.

Gripu, zile raba za kushikia mwisho wa usukani, zisidharauliwe. Mtoto akianguka usukani hugeuka, na ncha yake ikamgonga tumboni. Bomba la chuma lililo wazi linaweza kujeruhi ini, wengu au kongosho hata pasipo alama kubwa juu ya ngozi. Nunua gripu zenye mwisho mnene uliofungwa, na zikitoboka badilisha siku hiyohiyo. Mtoto aliyegongwa tumboni na usukani kisha analalamika maumivu, anatapika au amepauka, apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Breki

Hiki ndicho kipengele dhaifu kuliko vyote, na ndicho tunachokipa alama ya chini. Vishikio vya breki ni vya plastiki, viko mbali na usukani, na springi zake zimewekwa kama kwa mkono wa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne anavuta kwa vidole vyote na kishikio hakifiki nusu.

Kwanza tambua ulicho nacho. Breki ya mbele kwa kawaida ni ya raba zinazobana rimu. Ya nyuma inaweza kuwa ya raba pia, au ya mkanda unaobana ngoma ndogo kwenye ekseli, au ile inayoshika ukirudisha pedeli nyuma. Vuta vishikio kimoja kimoja uone kipi kinashika gurudumu lipi, kwa sababu hufungwa vyovyote.

Kwenye vishikio vingi pana skrubu ndogo karibu na mahali kinapoungana na usukani. Ikizungushwa kuingia ndani, kishikio kinasogea karibu na gripu. Kisogeze mpaka fundo la kwanza la kidole cha mtoto likifikie bila kiganja kuachia. Kisha rudisha mkazo wa waya: ile nati ya mviringo panapoingilia waya, ifungue kidogokidogo mpaka raba za breki zikae milimita 2 hivi kutoka kwenye rimu, kila upande sawa. Raba yote iguse rimu. Ikigusa tairi italitoboa, na ikining'inia chini ya rimu inaweza kunaswa na spoku.

Ikiwa bado ni ngumu, tatizo liko kwenye waya. Waya wa kiwandani huwa mkavu, na gamba lake limekatwa vibaya kiasi kwamba ncha imebonyea ndani. Vuta waya wote, kata gamba upya ncha iwe wazi na duara, futa waya kwa kitambaa chenye oili, rudisha. Waya mpya na gamba lake ni kipuri cha bei ndogo kwa fundi yeyote wa mtaani, na hubadilisha breki kuliko kitu kingine chochote.

Jaribio la mwisho: mtoto asimame kando ya baiskeli, avute breki ya nyuma kwa mkono wake mwenyewe, wewe usukume baiskeli mbele polepole. Gurudumu la nyuma liburuzike bila kuzunguka. Likizunguka, rudini kwa fundi. Breki ambayo baba anaivuta ikashika haijathibitisha kitu.

Angalizo la masika: rimu za chuma zinazong'aa zikilowa, raba huteleza. Hata breki iliyorekebishwa vizuri hupoteza nguvu nyingi. Siku ya mvua somo liahirishwe.

Kutoa pedeli, kisha kufundisha

Mashine ya kwanza ya magurudumu mawili, aliyoiunda Karl Drais Ujerumani mwaka 1817, haikuwa na pedeli; watu walikaa juu yake wakasukuma ardhi kwa miguu. Ndivyo mtoto anavyofundishwa upesi zaidi, na baiskeli hii inageuka kuwa hivyo kwa spana moja.

Spana ya 15 ndiyo inayotoshea pedeli nyingi. Chache hutaka 14. Pedeli ya kulia hufunguka kwa kuzungusha kushoto kama nati ya kawaida. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuzungusha kulia. Hapo ndipo watu wanapoharibu krenki, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli: wanakaza wakidhani wanafungua. Njia ya kukumbuka ni hii: spana ikisimama juu ya pedeli, pande zote mbili unaivuta kuelekea nyuma ya baiskeli. Wakati wa kurudisha, anza kwa vidole vitupu mpaka nyuzi zishike mizunguko mitatu ndipo uchukue spana. Herufi R na L zilizopigwa kwenye ncha ya pedeli zinaonyesha kulia na kushoto. Ukihitaji pedeli mpya jua kwamba zipo saizi mbili za nyuzi, nusu inchi na inchi 9/16. Krenki ya kipande kimoja kilichopinda hutumia nusu inchi. Nenda na ya zamani mkononi.

Kama breki ya nyuma ni ya kurudisha pedeli, ukitoa pedeli umetoa na breki. Hapo fundisha kwenye tambarare tu.

Mahali pa kufundishia ni nusu ya kazi. Tafuta sehemu pana, ngumu, isiyopitisha bodaboda wala bajaji: uwanja wa shule siku ya Jumamosi, eneo la kanisa au msikiti wakati hakuna ibada, uwanja wa mpira wa kikapu. Mchanga mlaini wa vichochoro vya Dar es Salaam unameza tairi dogo na kumchosha mtoto bure. Nyasi ndefu vilevile. Ufukwe wa mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, maji yakitoka mchanga hukaza na watu wazima hupita juu yake na baiskeli zao. Ni mahali pazuri sana kwa mtoto, ila baiskeli ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na mnyororo upakwe oili jioni hiyohiyo, la sivyo chumvi itaula.

Somo liwe la dakika 15 au 20, mara nyingi, badala ya saa nzima mara moja. Mtoto akichoka shingo hulegea na macho huangalia chini, na mtoto anayetazama tairi anaanguka.

Hatua ya kwanza ni kutembea akiwa amekaa. Asikae ncha ya kiti, akae kabisa. Siku ya kwanza wengi hutembea wakiwa wamesimama na baiskeli katikati ya miguu. Kiti kikiwa chini vya kutosha, wenyewe hukaa. Kisha atembee haraka, kisha hatua ndefu za kuruka. Usihesabu siku. Dalili unayongoja ni miguu yote miwili kuwa juu kwa muda. Mwambie akusanye kasi kisha ainue miguu, mhesabie kwa sauti: moja, mbili, tatu. Akifika tano mara kadhaa mfululizo, usawa ameupata.

Kabla ya pedeli, mfundishe kona na kusimama. Panga chupa tupu za maji sita, umbali wa mita mbili na nusu hivi, azunguke kati yake. Kisha chora mstari kwa chaki na umwambie asimame juu yake kwa breki ya nyuma, miguu ikitua baadaye. Breki ya mbele asiiguse kwanza. Ikifungwa ghafla peke yake mtoto anapitiliza juu ya usukani. Akiimudu ya nyuma, aongeze ya mbele polepole, zote mbili pamoja.

Sasa rudisha pedeli. Kiti kibaki chini, ingawa magoti yatapanda juu na inaonekana vibaya. Pedeli ya mguu wake wenye nguvu iwe juu na imeelekea mbele kidogo, mguu mwingine chini. Kwenye baiskeli yenye breki ya kurudisha pedeli huwezi kuizungusha nyuma kuiweka hapo. Inua gurudumu la nyuma, izungushe kwenda mbele. Akikanyaga ile ya juu kwa nguvu, baiskeli inaondoka, na mguu wa pili unapanda.

Wewe shika mwili, usishike baiskeli. Mkono wako uwe kwapani au nyuma ya mabega. Ukishika usukani unamnyima kuelekeza, na ukishika kiti baiskeli inajibu mkono wako badala ya mwili wake. Ukiachia anaanguka kwa sababu usawa ulikuwa wako. Kimbia kando yake, si nyuma yake, na mwambie atazame mti au mtu aliye mbele. Usiachie kwa siri. Mtoto akigeuka kukutafuta usukani unageuka naye.

Mtoto avae viatu vilivyofunika vidole. Ndala zinachomoka na kidole kinaingia kwenye spoku. Kanzu, gauni refu au ncha za ushungi vifungwe au vibadilishwe kwa suruali fupi.

Helmeti inayouzwa pamoja na baiskeli

Maduka mengi hutoa seti ya helmeti, vilinda magoti na viwiko kwenye mfuko mmoja. Vilinda magoti vitumie. Helmeti iangalie kwa makini. Ndani ya helmeti ya kweli kuna povu gumu jeupe au jeusi, unene wa kidole, ambalo hubonyea linapogonga na kumeza pigo. Nyingi za seti hizo zina gamba la plastiki na sponji laini tu, kama sponji ya kuoshea vyombo. Hizo ni za mchezo wa kuigiza. Tafuta lebo ndani: EN 1078 kwa za Ulaya, au CPSC kwa za Marekani.

Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, vidole viwili juu ya nyusi. Watoto wa umri huu huwa kati ya sentimita 48 na 52. Ikae tambarare, isirudi kisogoni ikaacha paji la uso wazi. Mikanda ikutane chini ya sikio kama herufi V, na chini ya kidevu ipite kidole kimoja. Mtoto atikise kichwa. Ikicheza, kaza gurudumu la kisogoni. Pima nywele zikiwa jinsi zitakavyokuwa: mabutu yaliyosimama, rasta nene au shanga huinua helmeti na kuacha nafasi, na mtoto akisukwa upya inabidi irekebishwe. Iliyokwisha kugonga chini kwa kichwa haifai tena hata kama haina ufa, kwa maana povu likibonyea halirudi. Na mtoto akishuka aende kwenye bembea au apande mwembe, aivue kwanza. Mkanda ukinasa kwenye tawi unakaba.

Matairi

Hapa baiskeli inafanya vizuri. Tairi la upana wa inchi 2 na zaidi ni laini na linashika. Upepo usome ubavuni mwa tairi. Kwa mtoto mwepesi, psi 25 hadi 30 inatosha. Usijaze kwa mashine ya kituo cha mafuta: tyubu hii ni ndogo kiasi kwamba sekunde mbili zinaipasua. Tumia pampu ya mkono. Zenye matairi ya povu yasiyo na upepo hazipati pancha, lakini huteleza kwenye sakafu yenye maji na hutikisa zaidi kwenye kokoto.

Kama unaweza kuchagua kingine

Baiskeli iliyotengenezwa bila pedeli tangu mwanzo, kama Strider ya Marekani, woom au Puky, inamfaa mtoto wa miaka miwili kuliko hii. Strider 12 Sport ina kilo 3 hivi, na kiti chake kinashuka mpaka sentimita 28. Kwa mtoto mfupi au mwembamba tofauti hiyo ni kubwa mno, na ndugu walio Ulaya au Marekani mara nyingi hupata za mtumba kwa urahisi. Lakini ikifika miaka minne atahitaji ya pedeli hata hivyo, na hapo hii ya inchi 12 iliyorekebishwa inafanya kazi zote mbili.

Mtumba wa Japani au Ulaya unaouzwa hapa huwa na breki na gololi bora kuliko mpya ya chuma. Angalia nyufa kwenye maungio ya fremu, kutu ndani ya bomba la kiti, na saizi ya tairi iliyoandikwa ubavuni, kwani tairi za inchi 12 zenye alama 62-203 zinapatikana, ilhali saizi ngeni zitailaza baiskeli yako chini miezi.

Goti likianza kugusa usukani wakati wa kona, saizi imekwisha. Mtoto anayejua kuendesha anaweza kuruka inchi 14 akaenda moja kwa moja inchi 16, mradi mguu wake wa ndani unafikia kiti kilichoshushwa. Mwambie fundi wa duka asiifunge vitairi vya pembeni. Ukifika nyumbani utaokoa kazi ya kukaza ekseli upya.